Guillermo Vilas: bingwa aliyekwama namba mbili

Jumapili ya tarehe 11 Septemba 1977, kwenye fainali ya tenisi ya US Open pale Forest Hills mjini New York, Mmarekani Jimmy Connors alipiga mpira kwa mkono wa mbele ukaenda pembeni mwa mstari. Mwamuzi wa mstari akachelewa kutamka. Mashabiki hawakumngoja. Waliruka vizuizi, wakajaa uwanjani, wakambeba juu kwa juu kijana wa Argentina mwenye nywele ndefu zilizobanwa na kitambaa kipajini. Connors, aliyeamini mpira ule ulikuwa ndani, aliondoka amefura bila kusubiri kukabidhiana zawadi. Matokeo: 2–6, 6–3, 7–6, 6–0. Seti ya mwisho Mmarekani, mbele ya watu wake, hakupata hata gemu moja.

Huyo aliyebebwa mabegani ni Guillermo Vilas. Miezi mitatu nyuma alikuwa ametwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa yanayochezwa kwenye udongo, kwa kumchapa Brian Gottfried 6–0, 6–3, 6–0. Januari alikuwa amefika fainali ya Australia akafungwa na Roscoe Tanner. Mwaka ule peke yake alikusanya mataji 16.

Fungua sasa orodha ya ubora ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa, ya mwisho wa 1977. Wa kwanza ni Connors, wa pili Vilas, wa tatu Björn Borg. Connors hakutwaa hata taji moja la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, mwaka huo: Wimbledon alifungwa fainali na Borg, New York akafungwa na Vilas. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ya ATP ikaenda kwa Borg. Jarida la World Tennis likamtangaza Vilas kuwa namba moja. Mwaka mmoja, wafalme watatu, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi.

Kwa karibu nusu karne sasa, wapenzi wa tenisi Amerika Kusini wamesema Vilas aliibiwa. Ni kweli kuna kitu hakikukaa sawa, ila wengi wanakitafuta katika mwaka ambao hakimo. Ukipiga hesabu kwa kanuni za wakati ule, mwaka 1977 haumpi Vilas namba moja. Deni lake liko nyuma kidogo, kwenye mwaka ambao hata mashabiki wake hawautaji sana.

Tuanze na kanuni zenyewe.

Kompyuta ya ATP ilitoa orodha yake ya kwanza tarehe 23 Agosti 1973, na namba moja akawa Ilie Năstase wa Romania. Kabla ya hapo waandishi wa habari ndio waliokuwa wakikaa chini mwisho wa mwaka na kupanga nani bora, kila mmoja na kalamu yake na upendeleo wake. Waandaaji wa mashindano nao walikuwa wakialika wawatakao. Wachezaji walichoka kubembeleza, wakataka kipimo kisichojua sura ya mtu. Kompyuta ikaletwa kwa nia hiyo, na kwa kweli ilisaidia.

Lakini ilifundishwa kuhesabu kwa wastani. Pointi zote alizopata mchezaji ndani ya miezi 12 zilijumlishwa, kisha zikagawanywa kwa idadi ya mashindano aliyocheza. Aliyecheza mashindano machache mno alihesabiwa kana kwamba amecheza 12, ili mtu asije akashinda moja tu halafu akakaa nyumbani akijiita mfalme.

Aliyezoea ligi ya mpira wa miguu haoni tatizo haraka, kwa sababu kwenye ligi kila timu hucheza mechi sawa na mwenzake. Tenisi haiko hivyo. Kila mchezaji anajipangia safari. Tuchukue namba za kutunga. Juma amecheza mashindano 15 akapata pointi 900. Wastani wake ni 60. Hamisi amecheza 30 akapata pointi 1,500. Wastani wake ni 50. Hamisi ana pointi 600 zaidi, na kwenye orodha yuko chini ya Juma.

Kuna linalochekesha zaidi. Tuseme wastani wako ni 60, ukaenda kwenye shindano dogo ambalo bingwa hupewa pointi 40. Unacheza wiki nzima, unashinda mechi zote, unanyanyua kikombe, unapigwa picha. Jumatatu kompyuta inakushusha. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwahi kucheza tenisi ya miaka ile, maana kwenye wastani haba inaweza kukipunguza kibaba.

Na Vilas alikuwa mtu wa haba na haba. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1952, akakulia Mar del Plata, mji wa pwani. Baba yake alikuwa mwanasheria wa hati na kiongozi wa klabu moja ya mji huo, na huko ndiko mtoto alikoshikishwa raketi. Mashoto, mwenye mapafu ya farasi, na anayependa mazoezi kuliko wengine wanavyopenda mechi. Alipoungana na Ion Țiriac, kocha wa Kiromania mwenye masharubu mazito na jicho kali la biashara, safari zikazidi. Mwaka 1977 alipanda ndege kutoka bara hadi bara, akacheza viwanja vikubwa na vidogo, na kila taji dogo lilikuwa fahari kwake na mzigo kwa wastani wake. Connors alichagua. Alicheza machache, akayachagua vizuri, na hakuvunja kanuni yoyote kwa kufanya hivyo.

Katika miaka hiyohiyo palikuwa na ngazi nyingine kandokando ya ile ya ATP: mfululizo wa Grand Prix, ambao ulijumlisha pointi za msimu bila kuzigawanya. Vilas aliongoza ngazi hiyo mwaka 1974, 1975 na 1977. Jasho lile lile, kalamu mbili: ya kujumlisha inamweka juu, ya kugawanya inamweka chini. Ndiyo maana nasema 1977 si wizi. Kanuni ilikuwa mbovu, nadhani, na mwaka 1990 ATP wenyewe waliiacha wakaanza kuhesabu matokeo 14 bora ya mchezaji. Ila ilikuwa kanuni moja kwa wote, na ilijulikana kabla mpira haujarushwa.

Kabla ya kuuacha mwaka ule, lazima niseme habari ya Aix-en-Provence, kwa sababu inaonyesha tenisi ya wakati ule ilivyokuwa bado inajitafuta. Mwanzoni mwa Oktoba Vilas alifika fainali huko Ufaransa akiwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Mpinzani wake alikuwa Năstase, na mkononi alishika raketi ya ajabu iliyobuniwa na Mjerumani aitwaye Werner Fischer. Watu waliiita raketi ya tambi. Nyuzi zake hazikufumwa kama kawaida; zilikaa matabaka mawili, zimevishwa vipande vya plastiki, zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Mpira ulitoka pale ukizunguka kama pia, na hakuna aliyejua utadundia wapi. Uzuri wa kisa hiki ni kwamba siku chache kabla, Năstase mwenyewe alikuwa amefungwa na Georges Goven aliyetumia raketi ya namna hiyo, akalalamika sana. Kisha akatafuta ya kwake.

Vilas alifungwa seti mbili, 6–1 na 7–5, akakusanya vitu vyake akatoka. Shirikisho la kimataifa lilipiga marufuku raketi hiyo mwezi huohuo. Ile 53 ilibaki rekodi mpaka 2006, Rafael Nadal, mashoto mwenzake, alipoivuka huko Roland Garros. Vilas alikuwepo uwanjani kumpongeza, ingawa kwa uso wake sidhani kama alifurahi kiasi alichotakiwa.

Sasa turudi 1975, ambako ndiko penye kesi.

Mwaka huo Connors alikuwa namba moja wa ATP tangu Januari mpaka Desemba. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. Mwaka huohuo alicheza fainali tatu za Grand Slam akafungwa zote: Australia na John Newcombe, Wimbledon na Arthur Ashe, New York na Manuel Orantes wa Hispania. Vilas alikuwa ameshaonyesha meno: mwishoni mwa 1974 alitwaa Masters, shindano la kufungia msimu kwa wachezaji bora wachache, huko Melbourne, kwenye nyasi, kwa kumfunga Năstase seti tano, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu wa udongo. Mwaka 1975 akafika fainali ya Roland Garros, akafungwa na Borg. Septemba akafika nusu fainali ya US Open.

Mechi hiyo ya nusu fainali inaumiza hata kuisoma. Vilas alikuwa mbele seti mbili kwa moja, na seti ya nne anaongoza 5–0. Alipata pointi tano za kumaliza mechi. Orantes aliziokoa zote, akachukua seti ile 7–5 na ya tano 6–4, usiku umeshakomaa. Kesho yake Orantes huyohuyo akarudi uwanjani akamfunga Connors fainali. Mchezaji mwingine angejifungia ndani mwezi mzima. Vilas aliendelea kucheza.

Hapa ndipo hitilafu inapojitokeza, na haina uhusiano na kugawanya. Ni suala la kuchapisha.

Leo orodha ya ubora hutoka kila Jumatatu, na mtu yeyote anaiona kwenye simu kabla hajanywa chai. Miaka ya 1970 matokeo yalikusanywa kutoka mabara yote kwa njia za wakati ule, yakaingizwa kwenye mashine kwa mikono, na orodha ikatoka ilipotoka. Kati ya Agosti 1973 na mwisho wa 1978, zaidi ya nusu ya wiki zote hazikuwa na orodha. Wiki isiyo na orodha ilirithi namba moja wa orodha iliyotangulia. Kwa maneno mengine, ukiwa wa kwanza siku orodha inatoka, unaendelea kuhesabiwa wa kwanza hadi itakapotoka nyingine, hata kama katikati mtu amekupita.

Fikiria saa ya ukutani ambayo fundi huitazama mara moja kwa mwezi. Saa haikusimama, aliyesimama ni mtazamaji.

Mwandishi wa michezo wa Argentina, Eduardo Puppo, aliona mwanya huo. Kilichompa moyo, inaonekana, ni jambo lililotokea upande wa wanawake. Mwaka 2007 chama cha wanawake, WTA, kilikiri kwamba Evonne Goolagong wa Australia alikuwa namba moja kwa wiki mbili mwaka 1976, na kwamba kumbukumbu zilikuwa zimemruka. Miaka 31 baadaye, mama mtu mzima akaingizwa kwenye orodha ya malkia. Kama imewezekana kwake, kwa nini isiwezekane kwa Vilas?

Puppo alifanya kazi ambayo wengi wetu tungeiacha siku ya pili. Alikusanya matokeo ya mashindano moja baada ya jingine, raundi kwa raundi, kutoka kwenye magazeti ya zamani na makabati ya watu, kisha akashirikiana na mwanahisabati wa Kiromania, Marian Ciulpan, kuyapitisha yote kwenye kanuni ileile ya ATP: pointi zilezile, mgawanyo uleule. Nasisitiza kanuni ileile, maana hapo ndipo nguvu ya kazi yao ilipo. Hawakusema wastani ulikuwa dhuluma, wala hawakuomba kipimo kipya. Walichofanya ni kuzichapisha zile orodha ambazo ATP haikuzichapisha.

Jibu lilitoka hivi: Vilas alikuwa namba moja kwa wiki tano kuanzia tarehe 22 Septemba 1975, na wiki mbili nyingine mwanzoni mwa Januari 1976. Jumla wiki saba. Mwaka 1977, mwaka wa mataji 16, hakuna wiki hata moja.

Nakiri niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Lakini ukifikiri, ndilo linaloifanya kazi yao iaminike. Mtu anayetaka kumpendelea Vilas angeanzia 1977, kwenye picha ya kubebwa mabegani. Hesabu hii inamnyima pale ambapo dunia nzima ingekubali, na inampa pale ambapo hakuna aliyekuwa akidai.

ATP ilikataa. Mwaka 2015 ilitoa msimamo kwamba haitabadilisha orodha za zamani. Hoja yake haikuwa kwamba Puppo amejumlisha vibaya. Ilikuwa kwamba orodha zilizochapishwa ndizo zilizotumika: wachezaji walipanga safari zao kwa kuzitazama, waandaaji waliwapanga wachezaji kwa kuzitazama, na ukianza kuingiza orodha mpya leo huwezi kujua nani angecheza wapi kama angeziona wakati ule.

Hoja hiyo si ya kudharau. Orodha si picha ya mchezo tu. Inausukuma mchezo wenyewe. Kama Connors angesoma kwenye gazeti la Septemba 1975 kwamba amepitwa, kwa wastani ulivyo, angeweza kuongeza shindano moja analoliweza au kuacha moja linalomharibia. Tusimsahau pia Connors mwenyewe: wiki zake 160 mfululizo za kuwa namba moja, kuanzia Julai 1974 hadi Agosti 1977, zimo kwenye vitabu, na Roger Federer alishangiliwa dunia nzima mwaka 2007 kwa kuzivuka. Ukizitoa wiki za Vilas katikati, mkufu huo unakatika vipande, na sherehe ya Federer inakuwa ilichelewa. Uzi mmoja ukiuvuta, nguo nzima inafuata.

Hata hivyo, mimi sikubaliani nao. ATP haiandiki kwenye kumbukumbu zake kwamba wiki zile hazikuwa na namba moja. Kama ingeziacha wazi, ningenyamaza. Imezijaza kwa jina la Connors, yaani imeshafanya uamuzi kuhusu wiki ambazo haikuzihesabu, na inakataa kuurekebisha uamuzi huo baada ya mtu mwingine kuzihesabu. Kusema huwezi kugusa yaliyopita wakati ulishayagusa ni kama kuuza shamba usilolipima kisha ukamfukuza mpimaji. Na WTA iliguswa na hoja hizohizo zote. Ilimpa Goolagong wiki zake mbili na hakuna kilichoporomoka.

Kwa nini watu wanahangaika hivi kwa wiki saba? Kwa Argentina jibu halihitaji maelezo marefu. Kabla ya Vilas, tenisi kule ilikuwa mchezo wa klabu za wenye nacho. Baada yake watoto wa mitaa ya kawaida walishika raketi, na wazazi wakaanza kuwapa watoto jina lake. Mmoja wao, Guillermo Coria, alifika fainali ya Roland Garros mwaka 2004 na akafungwa na Muargentina mwenzake, Gastón Gaudio. Pigo la kurudisha mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu huku umempa mpinzani mgongo, Waargentina wanaliita Gran Willy, Willy akiwa ni yeye.

Pia kuna kivuli cha Marcelo Ríos. Mchile huyu, mashoto vilevile, alimfunga Andre Agassi huko Key Biscayne, Marekani, mwezi Machi 1998 na kuwa mwanaume wa kwanza wa Amerika Kusini kukaa juu ya orodha ya ATP. Alikaa wiki sita kwa jumla na hakuwahi kutwaa taji la Grand Slam. Vilas ana manne: Roland Garros na US Open za 1977, na Australia mara mbili, 1978 na 1979, zote kwenye nyasi. Gustavo Kuerten wa Brazil alifuata mwaka 2000. Hakuna anayemwonea Ríos wivu kwa haki yake. Aliingia zama ambazo orodha ilitoka kila Jumatatu, na Jumatatu moja jina lake lilikuwa juu. Vilas alikuwa juu, kama Ciulpan amehesabu sawa, katika Jumatatu ambazo hakuna aliyefungua daftari.

Mwenyewe aliacha mashindano makubwa mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa na mataji 62, na mwaka 1991 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa tenisi duniani. Anaishi Monaco. Mwaka 2020 ilitangazwa hadharani kwamba ugonjwa unamfuta kumbukumbu polepole. Muda wote alipokuwa na nguvu aliweka vitu vya safari zake, madaftari, barua, kanda alizojirekodi akizungumza peke yake hotelini, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikamfikia Puppo.

Ukiingia leo kwenye ukurasa wake katika tovuti ya ATP, chini ya nafasi ya juu aliyowahi kufikia, imeandikwa 2, na pembeni tarehe: 30 Aprili 1975.